Jenerali au Twite? Vyeo vya jeshi katika falme tunazozibuni Katanga

Ukurasa wa daftari la miraba, umeandikwa kwa biki ya bluu. Juu kabisa kuna marshali mmoja. Chini yake majenerali 3, kisha makanali 12, na ngazi inazidi kushuka mpaka askari wa kawaida 40,000. Ukurasa wa pili una ramani: maziwa, matete, mto unaopindapinda, mji mkuu juu ya kilima. Ufalme huu ameubuni mpwa wangu, mwanafunzi wa hapa Lubumbashi, mtaa wa Katuba, kwa ajili ya hadithi yake ya picha. Chini ya maji amelaza joka, lakini anayeijua Upemba, bonde la maziwa katika nchi ya Waluba, ataitambua mara moja.

Wenzake walipoiona ngazi hiyo wakagawanyika. Baadhi wakamwambia ufalme wenyewe ni wa Kiluba, iweje jeshi lake liwe la Kibelgiji? Weka Mulopwe, yaani mfalme, weka Twite na Kalala, wakuu wa vita. Wengine wakawakata kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Bantu bote banajua jenerali. Twite ni nani?" Nimeusikia ubishi huo mara nyingi kwa vijana wanaochora na kuandika mjini hapa, na kila mara wa kundi la kwanza huonekana watu wa kung'ang'ania mambo ya kale. Nadhani hawajasikilizwa.

Tuanze na wenzao, maana hoja zao zina uzito. Msomaji akiona kanali anamwamuru kapteni, haulizi kitu. Katika picha nne za vita, hilo ni msaada mkubwa. Tena maneno ya kigeni huzoeleka yakawa yetu. Chukua "kapita". Lilitoka kwa Wareno, likasafiri na misafara ya biashara, likaingia makambi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, likiwa jina la msimamizi wa kikosi cha wafanyakazi, na leo hakuna bibi wa Kamalondo anayeliona la ugenini. Kama kapita amekuwa wetu, kwa nini kanali asiwe?

Wana na hoja ya pili, ambayo kwangu ni nzito kuliko ya kwanza. Vyeo vya zamani vina wenyewe. Mwant Yav, mfalme wa Walunda, yupo Musumba. Bunkeya ina Mwami wake wa Bayeke. Ng'ambo ya Luapula, Zambia, yupo Mwata Kazembe. Ukichukua cheo ambacho ukoo fulani bado unakibeba, ukampa msaliti wa hadithi yako, kuna mzee ataumia, na ana haki ya kuumia.

Sasa turudi kwa wa kundi la kwanza. Wanachokisema kweli, hata pale wanaposhindwa kukieleza, ni kwamba cheo hakisafiri peke yake. Kinakuja na nyumba nzima kilimozaliwa. Neno "marshali" kwa asili yake, katika lugha ya Wafranki, lilikuwa mtumishi wa farasi, mtu wa zizini aliyepanda kwa sababu katika nchi ile farasi ndiye aliyeshinda vita. Luteni ni mshika nafasi, anayekaa mahali pa mwingine asipokuwepo. Sajini anatokana na neno la Kilatini la mtumishi. Ngazi hiyo yote ni kumbukumbu ya nyumba za mabwana wa Ulaya. Katika bonde la matete na mbung'o, farasi hawezi kuishi. Marshali wa mpwa wangu anasimamia nini basi? Mitumbwi?

Na wale askari 40,000 wanakula nini? Pasipo farasi wala punda, kila kitu kinapanda kichwani mwa mtu. Mpagazi mwenye kilo 25 za unga, akila kilo moja kwa siku na askari wake kilo moja, mzigo umekwisha siku ya kumi na mbili, na kurudi nyumbani bado. Jeshi la namna hiyo haliwezi kupangwa kwa ngazi ya makambi ya Ulaya. Litapangwa kwa vijiji vilivyoko njiani, na mkubwa halisi atakuwa yule ambaye vijiji vinamfungulia ghala.

Lakini linalonikaa moyoni zaidi ni mwaka 1960. Force Publique, jeshi la koloni, lilikuwa na askari karibu 25,000 na maofisa karibu 1,000. Kati ya maofisa hao Wakongomani walikuwa sifuri. Babu zetu walipanda mpaka adjida, cheo kilicho chini ya ofisa, na hapo ngazi ikakatika. Tarehe 5 Julai, siku tano baada ya uhuru, jenerali Janssens, Mbelgiji mkuu wa jeshi hilo, aliwakusanya askari mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Maasi yakaanza. Ili kuyatuliza, waziri mkuu Lumumba akatangaza kwamba kila askari anapandishwa cheo ngazi moja.

Kila askari, ngazi moja. Hebu tulitazame hilo taratibu. Asubuhi ile askari wa chini kabisa alitoweka katika jeshi la Kongo: wote walikuwa wamepanda. Aliyekuwa koplo sasa ni sajini, na aliyekuwa chini yake sasa ni koplo, kwa hiyo bado yuko chini yake vilevile. Na maasi hayakutulia. Watu walikuwa wanaidai ile sehemu ya ngazi waliyofungiwa, wakapewa tepe moja. Ilibidi maofisa Wazungu waondolewe kwenye uongozi. Victor Lundula, bourgmestre, yaani meya, wa Jadotville, Likasi ya leo, akafanywa jenerali, na Mobutu kanali. Ndani ya siku chache, watu wakaruka ngazi ambazo kwa miaka sabini na zaidi hakuna Mkongomani aliyeruhusiwa kuzigusa.

Kijana wa Katuba anapoandika "jenerali" juu ya ukurasa, anarithi pia ngazi hiyo, iliyojengwa makusudi ili mtu kama babu yake asifike juu. Sisemi asiitumie. Nasema ajue. Nyumba nyingi za mji huu ziliwahi kutundika sebuleni zile picha tunazoziita Colonie belge: mfungwa amelala chini, askari mweusi ameinua fimbo, Mzungu amesimama pembeni anatazama. Mchoraji hakuhitaji kueleza vyeo. Anayeamuru hapigi, na anayepiga haamuru.

Na ukiacha nyumba hiyo, si kwamba unabaki porini. Kwa Walunda, anayerithi cheo hurithi pia jina la aliyemtangulia na undugu wake. Kama cheo fulani kiliwahi kuwa cha mjomba na kingine cha mpwa, basi wenye vyeo hivyo ni mjomba na mpwa vizazi vyote, hata kama damu yao haijawahi kukutana. Mtazame mwandishi alivyopewa utajiri hapo! Kamanda kijana wa miaka ishirini anaitwa mjomba na mzee mwenye mvi, na vita vikishaanza mzee hawezi kumpinga mjomba wake hadharani. Kwa Waluba, Twite aliongoza mambo ya vita na Inabanza alilinda vitu vitakatifu vya ufalme, watu wawili wenye nguvu za aina mbili karibu na mfalme mmoja. Kalala Ilunga, shujaa wa masimulizi ya kuanzishwa kwa ufalme, anabeba cheo cha kivita ndani ya jina lake. Na Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, alijenga nguvu zake kwa shaba na pembe za ndovu zilizomnunulia bunduki. Katika jeshi la namna hiyo, anayegawa baruti ni mkubwa kuliko anayepiga kelele mbele.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua upande, nawafuata wa kundi la kwanza, ila sichukui majina yao. Majina tuwaachie wenyewe, kwa heshima ya wale wazee. Tuchukue mtambo: cheo kinachorithisha undugu, nguvu ya vita iliyotengwa na nguvu ya vitu vitakatifu, ukubwa unaopimwa kwa ghala na baruti. Kisha mwandishi abuni majina yanayosikika ya nchi yake, au achukue lile tulilokwisha kulizoeza, kama "kapita". Msomaji atajifunza cheo kipya katika picha tatu, endapo ataona mwenye cheo anafanya nini. Hiyo hofu ya "Twite ni nani" inamdharau msomaji wetu, ambaye tangu utotoni anajua nani nyumbani anaitwa baba mdogo na nani mjomba, na kila mmoja anadaiwa nini.

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinionyesha daftari tena. Marshali amefutwa kwa mistari miwili. Askari wamekuwa 3,000, na pembeni ameandika majina ya vijiji sita na idadi ya mitumbwi ya kila kijiji. Juu ya mitumbwi yote ameweka kapita. Katika sura ya pili kapita anakufa mtoni, na msichana anayerithi jina lake anajikuta, kabla hajapewa hata kasia, ni mjomba wa adui yake.