Chupa ya asali inamfundisha nini mpigapicha?

Walimu wa upigaji picha wanaowapa wanafunzi kazi ya kutengeneza lebo za bidhaa hulaumiwa kwamba wanazalisha mafundi wa stika. Lawama hiyo si ya kupuuza. Jicho la mpigapicha hukua sokoni, stendi na harusini, kwenye watu wanaojongea, na chupa imetulia mezani. Tena nusu ya muda huliwa na kompyuta, mtu akichagua aina ya herufi.

Nina shaka, hata hivyo, kama wanaolaumu wamewahi kuipiga hiyo chupa. Chukua asali ya Tabora kwenye chupa ya kioo. Picha ya kwanza ya mwanafunzi huwa ni picha yake mwenyewe: dirisha, simu na mikono vimejiakisi kwenye kioo, na asali imekuwa nyeusi kama oili chafu. Akiwasha flashi, anapata doa jeupe tumboni mwa chupa. Mpaka abandike karatasi nyeupe dirishani na kuiweka chupa mbele yake, mwanga upenye asali kutokea nyuma, ndipo inang'aa. Halafu karatasi inatoka kijivu, kwa sababu kamera ikikutana na weupe mwingi hudhani mwanga umezidi na kuupunguza. Inabidi auongeze mwenyewe.

Kisha kuna mashine ya kuchapa, ambayo haimwonei mtu huruma. Kipimo kilichozoeleka ni doti 300 kwa inchi. Tuseme picha ya chupa inatakiwa iwe na urefu wa sentimita 6 kwenye lebo: hizo ni pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 709 hivi. Simu inapiga picha ya 4000 kwa 3000, chupa imechukua theluthi ya kimo, yaani pikseli 1000. Inatosha na kubaki. Lakini kijana kaituma kwa WhatsApp, ikabanwa, ikafika na 1600 kwa 1200. Sasa chupa ina pikseli 400, ambazo kwa kipimo kile zinatosha sentimita 3.4 tu. Akiilazimisha ifike 6, anabaki na doti kama 170 kwa inchi, na picha inapasuka. Kwenye skrini ya simu hakuna aliyeona kasoro. Mwalimu anaweza kuieleza hesabu hiyo ubaoni muhula mzima isiingie. Lebo moja iliyoharibika ikiwa mkononi inaieleza kwa dakika.

Rangi nazo ni hivyo hivyo: kijani kikali cha skrini kikipita kwenye wino nne za mashine hupoa.

Na lebo ina masharti ambayo picha ya mtandaoni haina. Lazima ibakize nafasi ya viambato, uzito, jina la mzalishaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa hiyo kijana anajifunza kuacha upande mtupu kwa makusudi. Vilevile analazimika kujiuliza kama ni halali kubandika picha ya machungwa halisi kwenye chupa ya maji, sukari na ladha. Sidhani swali hilo linaulizwa sana madarasani.

Wakosoaji watasema pesa iko harusini. Sawa. Shela jeupe nalo hutoka kijivu kama ile karatasi ya dirishani, na dawa ni ileile. Ila kumwambia bwana harusi anyanyue kidevu bila kumuudhi mama yake, hilo chupa haifundishi. Kwa hilo apelekwe ukumbini.