Dozi ndogo ya ganzi si ubahili

Ganzi ya mchanganyiko kwa upasuaji wa kujifungua, yaani sindano ya spaino (ganzi inayotiwa ndani ya ugiligili unaozunguka uti wa mgongo) pamoja na katheta ya epidurali (mpira mwembamba unaoachwa nje kidogo ya mfuko wa uti ili kuongezea dawa), wengi huiona ni mzunguko usio wa lazima. Wana hoja. Dozi moja kamili ya spaino humweka mama tayari ndani ya dakika chache. Ya nini kuhangaika na sindano nene na mpira? Tena katheta yenyewe haijajaribiwa: maadamu spaino inafanya kazi, ni vigumu kujua kama imekaa mahali pake.

Ila lawama hizo zinamhusu zaidi anayeitumia mbinu hii nusunusu. Ukitia miligramu 12 za bupivakeini, dawa ya ganzi yenyewe, kisha ukaweka katheta, umeweka pambo. Faida ipo pale dozi ya kwanza inapopunguzwa kwa kuwa katheta ipo kumalizia.

Tuangalie presha. Ganzi inatakiwa ipande hadi usawa wa chuchu. Dozi kamili hufika huko kwa kasi na kuzima neva zinazobana mishipa ya damu. Presha inaporomoka, na mara nyingi kabla mashine haijapiga kengele mama ameshasema anataka kutapika. Kwa wengi fenilefrini, dawa ya kupandisha presha, hulimaliza hilo. Lakini mwenye vali ya moyo iliyobana hana akiba ya kusubiri dawa. Kwake mporomoko wenyewe ndio janga.

Wapinzani hutaja uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2011: miligramu 8 au pungufu zilipunguza matatizo ya presha na kichefuchefu, ila waliohitaji kuongezewa dawa ya maumivu waliongezeka. Kwa spaino ya pekee hilo ni pigo, maana ganzi ikipungua tumbo likiwa wazi, kinachobaki ni dawa za mshipani au nusukaputi. Kwa mwenye katheta, kuongezewa kulikuwa kwenye mpango tangu mwanzo. Namba ni ileile, maana mbili tofauti.

Wengine huongeza mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi kupitia katheta ili zibane mfuko wa uti na kuipandisha dawa. Tafiti hazijakubaliana hapo. Mimi naamini zaidi uvumilivu: vuta bomba la sindano kwanza uone kama damu au ugiligili unarudi, kisha tia dawa kidogo kidogo, ukipima ganzi kwa kitu cha baridi.

Mtoto akiwa hatarini sasa hivi, muda huo haupo, na spaino ya pekee ina haki yake. Ila mama mwenye moyo mgonjwa aliyepangiwa siku ya upasuaji hana haraka hiyo, na anayempa dozi kamili ndiye anayepaswa kueleza sababu.