Muziki wa gari: uufunge mwenyewe ama umwachie fundi?

Jumamosi iliyopita binamu yangu alinipigia simu akasema nikuje Section 58 hapa Nakuru nimsaidie na kitu kidogo, nikajua tu hapo hakuna kitu kidogo. Nikampata amefungua buti ya Fielder yake, ndani kuna sabufa ya inchi 12 ya second hand, amplifaya imeandikwa wati 3000 na herufi za dhahabu, na pakiti ya nyaya imeandikwa geji 4, yaani unene wa waya. Shida yake ilikuwa hii: maboyz wake wanamwambia ajifungie mwenyewe, video si ziko kwa simu, na mamake anamwambia gari sio ya kujifunzia, apeleke kwa fundi town. Akaniuliza, "Bradhe, wewe ungefanya aje?"

Mimi nimekuwa pande zote mbili na kila upande ulinipatia adabu.

Gari yangu ya kwanza ilikuwa Vitz. Nilipeleka kwa fundi mmoja wa stima hapa Nakuru, masaa mawili akawa amemaliza, besi inatingisha hadi nambari ya gari, nikalipa nikicheka. Kutoka siku hio betri ikawa inalala kila asubuhi, najumpiwa na jirani mpaka nikaanza kuona haya kumsalimia. Halafu wiki kama tatu hivi, nikitoka Njoro, nikasikia harufu ya plastiki. Kusimama, kufungua boneti, kumbe waya mkubwa wa pozitivu ulipitishwa kwa tundu la chuma bila raba, gari ikitetemeka unajisugua, ngozi ya waya imeisha na umeanza kugusagusa bodi. Fyuzi ilikuwepo, lakini unajua aliiweka wapi? Kwa buti, kando ya amplifaya, pale mwenye gari ataiona aifurahie.

Hapa lazima nikae kidogo maana watu wengi huelewa vibaya. Hio fyuzi kubwa kazi yake ni kulinda waya, amplifaya huwa na fyuzi zake ubavuni. Betri ya gari hata kama ni ndogo inaweza kusukuma mamia ya ampia kwa mpigo mmoja waya ukigusa bodi, na waya ukipitisha hio yote unakuwa mwekundu kama ile koili ya kuchemsha maji, sasa fikiria iko chini ya kapeti. Ndio maana fyuzi inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, ili kipande chenye hakina ulinzi kiwe kifupi iwezekanavyo. Yangu ilikuwa na karibu mita nne bila ulinzi wowote. Na ile betri kulala? Ule waya mwembamba wa kuamsha amplifaya, wenye kwa redio huwa wa bluu na mstari mweupe, fundi aliufunga kwa stima ya kudumu, kwa hivyo amplifaya haikuwa inalala hata nikizima gari.

Ukisikia hadithi hio utasema basi mafundi wote ni wabaya. Hapana, na hapa natofautiana na maboyz wa binamu. Yule jamaa alijua kazi. Alitoa dashibodi bila kuvunja klipu hata moja, na plastiki za gari za Japani zenye zimekaa miaka kumi kwa jua zinavunjika ukiziangalia tu vibaya. Alijua nyaya za manjano chini ya usukani ni za eabegi na haziguswi. Alikuwa na plaizi ya kukaza vichwa vya waya yenye mimi sina mpaka leo. Kitu ilimharibia ni vile analipwa: analipwa gari ikitoka, na gari inatoka ikipiga kelele. Akiweka raba kwa tundu hakuna mteja ataiona, na akirudisha gein, ile nobu ya amplifaya ya kupokea sauti ya redio, chini muziki uwe safi, mteja anasema "fundi, mbona haibondi?" Kwa hivyo anafungua gein hadi mwisho, wewe unafurahi, na koili ya sabufa inaungua pole pole juu ya mawimbi ya sauti yamekatwa vichwa, amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, wiki mbili mbele unarudi kununua ingine.

Sasa upande wa kujifungia. Gari ya pili nikasema fundi hanioni tena. Nikasoma, nikanunua mita ya kupima stima, nikatoa Jumapili mzima. Fyuzi nikaweka vizuri, raba nikaweka, kichwa kikawa kikubwa. Lakini kila besi ikishuka amplifaya inazima, inawaka, inazima. Nikashuku amplifaya, nikashuku sabufa, nikashuku hata mwenye aliniuzia. Mwisho ndio nikatoa mita, injini ikiwa imewaka: kwa betri 14.1, kwa vichwa vya amplifaya besi ikipiga 11.8. Zaidi ya volti mbili zimeenda wapi? Nilikuwa nimefunga negetivu kwa bolti ya mkanda wa kiti, juu ya rangi! Stima haipiti kwa rangi, na bolti ya mkanda kwanza si ya kuchezewa, hio ndio inakushika gari ikigonga. Nikatafuta chuma kingine cha bodi, nikakwaruza na sandpepa mpaka king'ae, waya mfupi wa unene sawa na wa pozitivu, nikapima tena: 13.7. Shida ikaisha hapo hapo. Fundi angeiona na macho tu kwa dakika mbili, mimi ilinichukua wiki mbili na marafiki wawili kunicheka.

Kwa hivyo ukiniuliza, ugumu wa kufunga amplifaya si nyaya. Nyaya ni chache sana: pozitivu, negetivu, ule wa kuamsha, nyaya za sauti kutoka redio, na za sabufa. Mtoto wa kidato cha pili anaweza. Ugumu ni ile hesabu ya nyuma yake, na hapo anayeanza ako na faida moja kubwa kushinda fundi, ako na wakati.

Chukua amplifaya ya binamu. Wati 3000 kwa volti 13.8 ni ampia zaidi ya 217, na altaneta, zile za kuchaji betri, za hizi gari zetu ndogo nyingi hazifiki hata nusu ya hio. Nikamwambia wachana na dhahabu, angalia fyuzi za ubavuni. Zilikuwa mbili za 25, yaani ampia 50. Mara 13.8 unapata wati 690 za kuingia, ondoa zenye zinapotea kama joto unabaki na kama 550 hivi, tena kwa siku nzuri. Hio ni amplifaya sawa tu, haina makosa, lakini si 3000. Na ukijua ni ampia 50 ndio unajua fyuzi ya kwa betri iwe 60 na waya uwe wa aina gani.

Halafu waya. Nikakata ncha ya ile "geji 4". Geji 4 ya ukweli shaba yake ni kama milimita 5 kwa upana, yake ngozi ilikuwa nene kama ya hosi ya bustani na ndani kuna kitu nyembamba haifiki hata 4. Nikakwaruza uzi mmoja na wembe, juu rangi ya shaba, ndani nyeupe: aluminiamu imepakwa shaba. Aluminiamu hupitisha stima kama asilimia 60 ya vile shaba hupitisha. Si haramu kutumia, ila unaweka nene zaidi, na hii ilikuwa nyembamba na pia feki. Fundi wa kukimbia angeifunga tu, maana umemletea wewe mwenyewe.

Kuna hii ya ohms pia, yaani vile koili inazuia stima. Sabufa yake iko na koili mbili za ohm 4. Ukiziunga sambamba unapata 2, ukiziunga kwa mfuatano unapata 8. Amplifaya yake inakubali 2, kwa hivyo sambamba. Ingekuwa koili za ohm 2, sambamba ingekuwa 1, ingebonda vizuri sana hio siku ya kwanza na amplifaya ingekuwa pasi ya kunyoosha nguo. Na gein sio volyumu, tuliipima na mita: tukatoa nyaya za sabufa, tukacheza toni ya 50 Hz, tukapandisha mpaka volti 24 na nusu za AC, hio kwa ohm 2 ni wati 300, zenye sabufa yake imeandikiwa. Hio kazi ni dakika ishirini, na sijawahi ona fundi akiifanya. Labda wako, sijakutana nao.

Sasa kama gari yako ni Aqua ama haibridi ingine, mimi niko upande wa mamake kabisa. Kuna nyaya za rangi ya machungwa huko ndani za volti nyingi sana na hizo hazina mambo ya kujaribu, tena betri ya volti 12 ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na haibridi kama hio haina altaneta ya kawaida. Lipa mtu.

Lakini Fielder? Nilimwambia agawe kazi. Anunue waya mwenyewe, wa shaba. Buti yote afanye yeye: negetivu, ohms, gein. Kutoa dashibodi na kupitisha waya kwa ule ukuta wa injini alipe fundi, lakini asimame hapo hapo, asiende kunywa chai. Mamake alikubali hio ya kusimama, maboyz walisema ni woga.

Fundi alikuja na pikipiki saa nane. Akatoa negetivu ya betri kwanza na spana nambari kumi bila kuambiwa, nikampenda hapo. Akapata raba ya Toyota yenyewe kwa ukuta, akapitisha waya. Kufika kwa fyuzi akauliza, "Mkubwa, hii si tuweke nyuma, ni rahisi kubadilisha?" Binamu akasema hapana, hapa, akaonyesha na kidole, shibiri mbili kutoka kwa betri. Fundi akaangalia, akacheka, akaweka.

Saa kumi jioni tukajaribu, mapema makusudi, maana kanuni za kelele za 2009 za NEMA, ile mamlaka ya mazingira, hazijali kama ni majaribio na jirani wa pale juu hajali pia. Binamu akarudisha negetivu ya betri. Tik! Hakuna kingine, tik tu, fyuzi imekatika. Kumbe kwa buti, upande wake yeye, kishungi kizima cha nyuzi za pozitivu kilikuwa kimetoka nje ya kichwa kikalala kwa bodi ya amplifaya. Akakikata, akakaza tena, akatembea mpaka kwa duka la spea pale chini kununua fyuzi ingine.