Simu ya Dereva na Sisi Tunaompigia

Ukisimama Wandegeya, mjini Kampala, jioni watu wanapotoka kazini, hutangoja sana kabla ya kumwona mwendesha bodaboda aliyeibana simu kati ya sikio na helmeti, akiongea huku mikono yote miwili iko kwenye usukani. Sheria ya Uganda inamkataza dereva kushika simu akiwa anaendesha, naye ukimuuliza atakujibu kwamba hakuishika, jambo ambalo, kwa maana ya neno lenyewe, ni kweli.

Kosa letu ni kudhani kwamba hatari iko mkononi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba dereva anayetumia simu ana uwezekano wa karibu mara 4 zaidi wa kupata ajali kuliko asiyeitumia, na kwamba vifaa vya kusikilizia bila kushika simu havimpi nafuu kubwa, kwa sababu kinachoondoka barabarani ni akili yake. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, kwa hiyo anayesoma ujumbe kwa sekunde 5 amekwenda zaidi ya mita 110, urefu unaozidi uwanja wa mpira, bila kuona kitu. Mita hizo zikiangukia Namawojjolo, kwenye barabara ya Jinja, ambako wauzaji hukimbilia madirisha ya magari wakiwa na kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, sihitaji kueleza zaidi.

Lakini huzungumzwa mno uzembe wa dereva na kidogo sana upande wa pili wa simu. Mwenye teksi, yaani basi dogo la abiria, humpigia dereva wake kuulizia mapato ya siku ilhali anajua yuko njiani na abiria 14. Programu za usafiri nazo humletea mwendesha bodaboda maombi ya wateja akiwa katikati ya magari, naye asipojibu upesi safari huchukuliwa na mwingine. Kisha mteja, akiona alama kwenye ramani imesimama mtaa usio wake, humpigia kumwelekeza.

Mteja huyo nimewahi kuwa mimi. Jioni moja ya mvua, nikiwa Ntinda, nilimpigia kijana mmoja mara 3 nikimuuliza yuko wapi, na mara ya tatu nikasikia honi, kelele, kisha kimya. Alifika baada ya robo saa, kioo kimoja cha pikipiki kimevunjika na suruali imechanika gotini. “Samahani mama,” aliniambia, “teksi imenigusa nikipokea simu yako.” Aliyeomba radhi ni yeye.

Siku hizi humwandikia mwendeshaji kabla hajaondoka, nikimtajia duka au kanisa lililo karibu, kisha nangoja. Kampuni zenye programu hizi zinaweza kufanya zaidi yangu: simu inayojua pikipiki ilipo inajua pia kwamba inatembea, hivyo si kazi ngumu kuzuia maombi na miito hadi isimame. Polisi hawawezi kuchungulia ndani ya kila helmeti.

Dada yangu huendesha gari kutoka Mbale kila mwisho wa mwezi. Simu huizima na kuitupa kiti cha nyuma, akafika Jinja ndipo akasimama, akanywa chai, akatupigia. Mama hulalamika kila safari kwamba binti huyu hapatikani.