Mchunguzi wa simu aambiwe kiasi gani kuhusu kesi?

Simu ikifika maabara ya uchunguzi wa kidijitali, haiji peke yake. Huja na maneno. Mpelelezi anasaini fomu ya makabidhiano, kisha anaongeza kwa mdomo: "Huyu ndiye, hata mwenzake ameshamtaja. Tutolee tu hizo meseji." Fomu inatunzwa kama mboni ya jicho: nani kakabidhi, nani kapokea, saa ngapi, muhuri namba gani. Yale ya mdomo hayaandikwi popote, na bado ndiyo yanayoingia kichwani mwa mchunguzi kabla hajafungua faili hata moja.

Fani hii imejiona salama kwa sababu inashika hesabu. Diski inanakiliwa kupitia kifaa kinachozuia kuandikwa chochote juu yake, kisha inakokotolewa alama ya SHA-256, yaani tarakimu na herufi zinazotokana na data yote iliyomo, kama alama ya kidole. Ikibadilika biti moja tu, yaani chembe ndogo kabisa ya data, alama haitalingana tena. Ni ulinzi mzuri, ila unathibitisha jambo moja tu: kwamba nakala ni sawa na ile ya asili. Kuhusu macho ya anayeisoma nakala hausemi kitu. Hata kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 27037 cha mwaka 2012, ambacho wachunguzi wengi hukitaja, kinahusu kutambua, kukusanya, kunakili na kuhifadhi ushahidi. Kuufasiri si kazi yake.

Mwaka 2021 watafiti Nina Sunde na Itiel Dror walichapisha jaribio lililowatikisa wengi. Wachunguzi 53 walipewa faili moja ya ushahidi, lakini maelezo ya kesi yalitofautiana. Walioelezwa mambo yanayoashiria kuwa mshukiwa hana hatia waliona dalili chache zaidi. La kutia wasiwasi zaidi, kwangu mimi, ni kwamba hata waliopewa maelezo yaleyale hawakuafikiana. Kwa hiyo wapo wanaosema: mfungieni mchunguzi masikio, apewe diski na swali, basi.

Nawaelewa, ila sidhani kama wameikalia simu ya siku hizi wakaona kilichomo. Chukua meseji iliyohifadhiwa kwa saa za UTC, yaani saa za marejeo za dunia nzima, saa 22:30. Mahali panapotangulia UTC kwa saa 3, meseji hiyo imetumwa saa 01:30 ya siku inayofuata. Mchunguzi asiyejua simu ilikuwa wapi anaweza kuandika ripoti sahihi kwa kila tarakimu, na bado akamweka mtu kwenye tarehe isiyo yake. Tena kuna faragha. Kibali cha upekuzi kikitaja kipindi na aina ya mawasiliano, kimeshasimulia sehemu ya kesi, na hicho ndicho kinachomzuia mchunguzi kuvinjari picha za watoto, vyeti vya hospitali na ugomvi wa ndoa usiomhusu. Asiyejua anachotafuta hufungua kila kitu. Wanaodai uchunguzi wa gizani husahau kwamba gharama yake inalipwa na mwenye simu, ambaye huenda hata si mshukiwa.

Kesi ya Casey Anthony, mama wa Marekani aliyeshtakiwa kumuua binti yake, iliyosikilizwa Florida mwaka 2011 na kuisha kwa mshtakiwa kuachiwa shtaka la mauaji, inawasumbua wa pande zote mbili. Mahakama iliambiwa, kwa kutegemea programu moja ya uchunguzi, kwamba kwenye kompyuta ya nyumbani kwao ukurasa mmoja wa mtandao unaohusu klorofomu, kemikali ya kulewesha, ulifunguliwa mara 84. Programu nyingine ilikuwa imeonyesha mara 1. Aliyeitengeneza ile ya kwanza, John Bradley, aliyekuwa pia shahidi wa upande wa mashtaka, alirudi kuikagua, akagundua kosa na kusema aliwaarifu waliomwita. Mwaka uliofuata ofisi ya sherifu ilikiri kwamba uchunguzi ulikuwa umeangalia kivinjari kimoja, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, na kuacha kingine, Firefox, mlimokuwa na utafutaji ambao upande wa mashtaka haukuwahi kuuona. Kosa la kwanza lilimwelemea mshtakiwa, la pili likawanyima waendesha mashtaka. Kumfungia mtu masikio kusingeponya lolote kati ya hayo mawili. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kurudia kazi kwa zana nyingine.

Ninakoegemea ni katikati, lakini si katikati ya uvivu. Mchunguzi aanze na swali, kipindi, saa za mahali na mipaka ya kibali. Aandike alichokiona, ndipo aongezewe mengine, na kila nyongeza iingie kwenye kumbukumbu pamoja na saa yake: nani kamwambia nini. Kukiri kwa mshukiwa, rekodi zake za zamani na maoni ya mpelelezi havimsaidii kusoma hifadhidata ya meseji. Maabara yenye mtu mmoja haitaweza kutenga msimamizi wa kuchuja habari, hilo nakubali. Lakini kuandika inaweza. Na mchunguzi binafsi anayelipwa na wakili wa utetezi afuate utaratibu huohuo, maana yeye pia husimuliwa hadithi, tena na anayemlipa.

Wachunguzi watapinga kwamba kumbukumbu hiyo itakuwa silaha mikononi mwa wakili wa upande wa pili: "Kwa hiyo uliambiwa ameshatajwa kabla hujafungua simu?" Ndiyo, ataliuliza hilo. Shahidi mwenye kumbukumbu atataja saa aliyoambiwa na alichokuwa ameshakiandika kabla ya hapo. Asiye nayo atabaki na neno lake tu.