Aliyeshika sindano mwisho

Mgonjwa akifia wodini, vijiwe vya kahawa vya Moshi mjini huwa vimeshahukumu kabla maiti haijatoka mochwari: nesi kamuua. Iwe hospitali ya rufaa au zahanati ya kata, neno ni lile lile, uzembe.

Hasira hiyo ina haki yake. Ndugu huambiwa "kazi ya Mungu" na mtu ambaye hata faili hajalifungua. Na wapo wanaoingia zamu wamelewa, wapo wanaodai hongo kabla ya kumgusa mjamzito. Hao mabaraza ya taaluma yao yawashughulikie, na mahakama pia.

Ila kosa la kawaida halina sura hiyo. Ni nesi mmoja usiku na wodi iliyojaa, vichupa viwili vya dawa vinavyofanana, mwandiko usiosomeka. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ikataka kujua nani aadhibiwe.

Miezi hiyo hiyo, hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani: kabla ya kisu, taja kwa sauti jina la mgonjwa na mahali pa kupasua, kabla ya kumtoa, hesabu vifaa. Kwa hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Yaani katika kila wagonjwa 1,000, walikufa 8 badala ya 15. Saba hao hawakuokolewa kwa barua za kusimamisha watu kazi. Kweli, Ontario, Canada, orodha hiyo hiyo ilipofanywa lazima, utafiti wa 2014 haukuona nafuu ya maana. Karatasi inaweza kujazwa bila mtu kufungua mdomo. Hilo nalo ni suala la namna kazi inavyopangwa.

Sasa mfikirie nesi aliyegundua saa nane usiku kwamba dozi imezidi. Akijua kusema ni kufukuzwa, ataandika "hali ilibadilika ghafla". Ndugu hawataujua ukweli, na vichupa vile viwili vitabaki kwenye trei ile ile, vikimsubiri wa zamu ya asubuhi.