Kanisa la Nyabyeya ni la nani?

Ukitoka Masindi mjini, magharibi mwa Uganda, ukishika njia ya msitu wa Budongo, kabla miti haijakufunika utafika Nyabyeya, penye chuo cha misitu. Karibu nacho limesimama kanisa Katoliki ambalo kila mtu hulijua kuwa la Wapolandi. Ukikaa na watu chini ya mwembe ukauliza kwa nini liitwe hivyo wakati hakuna Mpolandi hata mmoja anayesali pale, utapata majibu mawili, na yote mawili yana uzito.

Jibu la kwanza: waliolijenga ndio wenyewe. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti wa Stalin uliwang'oa watu hawa mashariki mwa Polandi ukawatupa Siberia na Kazakhstan. Walionusurika walipitia Uajemi, na kuanzia 1942 Waingereza wakawagawa katika makoloni yao: Tengeru kule Tanganyika, Koja kando ya Ziwa Viktoria, na hapa Nyabyeya. Wengi walikuwa wanawake na watoto, maana wanaume wao walikuwa jeshini. Kambi mbili za Uganda zilipokea takriban watu 7,000. Walianzisha shule, wakalima, wakazika wafu wao, wakajenga kanisa wakaliweka chini ya Maria Malkia wa Polandi. Vita ilipokwisha, maeneo waliyotoka yalikuwa yamebaki mikononi mwa Wasovieti. Kurudi wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakatawanyika, wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia.

Kwa hoja hii, kanisa ni shahidi, na shahidi habadilishwi kauli. Wajukuu wa waliozikwa pale bado hufunga safari kuja kuona makaburi.

Mimi nakubali, ila naguna kidogo ninaposikia Wapolandi wakiitwa waanzilishi wa Nyabyeya. Banyoro, wenyeji wa hapa, walikuwa katika nchi hii karne nyingi kabla ya lori la kwanza la wakimbizi. Wala Wapolandi hawa hawakuwa walowezi. Neno hilo lina harufu ya mashamba ya nyanda za juu za Kenya, na hawa hawakumnyang'anya mtu shamba kwa hiari yao. Aliyeamua wakae wapi ni serikali ya kikoloni, na sidhani kama wenyeji waliulizwa. Walikuwa wageni waliopanga nyumba, wakaitunza vizuri, wakahama.

Jibu la pili ni la waumini wa leo, na ndilo linalonigusa zaidi. Baada ya Wapolandi kuondoka, nani amefagia kanisa hilo? Nani amebatizwa na kufunga ndoa mbele ya altare ile? Viwanda vya mbao vya Budongo, na baadaye miwa ya Kinyara, vilivuta Waaluri, Walugbara, Wakongo na wengine wengi, hata Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana kwenye kambi za wafanyakazi na sokoni. Kwao hao, miaka yao ni mingi mara kumi kuliko ile ya wajenzi. Mtu akikuachia nyumba ukaishi humo hadi wajukuu, bado utaitwa mpangaji?

Tatizo ni pale hoja hii inaposogezwa hadi kudai kuta zivunjwe ili nafasi ipatikane. Hapo sipo. Ukumbi mpya unaweza kujengwa pembeni. Ukuta wa miaka ya 1940 ukishaanguka, umekwenda. Waanglikana wa kilima cha Namirembe, Kampala, walipoteza kanisa kwa dhoruba 1894, na jingine likaunguzwa na radi 1910. Hayo hayakuvunjwa na mtu, na bado leo tunayajua kwa picha na maandishi tu.

Ninachotaka ni kibao kipya cha kumbukumbu ukutani: kiwataje makatekista, wanakwaya na akina mama wa usafi wa tangu 1948, kwa Kiswahili na kwa Runyoro.

Halafu kuna jambo ambalo pande zote mbili hazilitaji. Wilaya jirani ya Kiryandongo ina makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini, na humo kuna makanisa ya miti, udongo na turubai. Wajenzi wake nao wengi ni wanawake na watoto waliokimbia vita. Kila msimu wa mvua hukandikwa upya, na sijawahi kumwona mgeni akishuka garini kuyapiga picha.